Treni Inakwama Voi: Kutafuta Hitilafu Kwenye Modeli ya Reli ya Kubebeka

Modeli ya reli isiyohamishwa huharibika polepole. Ya kubebeka, iliyogawanywa vipande, huharibika kila inapopanda gari. Treni iliyozunguka vizuri Ijumaa usiku sebuleni Umoja, Jumamosi asubuhi ukumbini Lang'ata inasitasita, inaruka reli, au haiamki kabisa. Hapo injini ndiyo hushikwa kwanza: inafunguliwa, inatiwa mafuta, inasuguliwa magurudumu, na wageni wameshaanza kuingia. Mara nyingi injini haina hatia yoyote. Kilichobadilika tangu jana ni safari, na safari huumiza maungio kabla ya kitu kingine. Kwa hiyo tutaanzia kwenye ungio la vipande, twende kwa umeme, halafu njia ya reli yenyewe, na injini ije mwisho.

Mfano wetu ni mji wa Voi, ambao unafaa sana kazi hii. Reli ya zamani ya upana wa mita moja kati ya Mombasa na Nairobi inapita hapo, na hapo ndipo linapochomoka tawi la Taveta, lililojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ili kupeleka askari na mizigo dhidi ya Wajerumani. Kuna udongo mwekundu, mkonge, mibuyu, na vilima vya Sagalla kwa nyuma. Skeli ni 1:64, juu ya reli ndogo ya upana wa milimita 16.5 ambayo ndiyo rahisi zaidi kupatikana. Mita moja ukiigawa kwa 64 unapata milimita 15.6, kwa hiyo njia imezidi kwa chini ya milimita moja na hakuna atakayegundua. Plaiwudi moja ya sentimita 244 kwa 122 inatoa vipande vinne vya 122 kwa 61. Vikipangwa mstari mmoja unapata mita 4.88, yaani mita 312 hivi za Voi halisi.

Treni inashtuka au kukwama pale vipande vinapokutana

Usiweke injini. Chukua behewa moja tupu, lisukume kwa kidole taratibu kuvuka ungio, huku na huku. Kisha pitisha ukucha juu ya kila reli. Ukucha huhisi kidato ambacho jicho haliwezi kukiona, na utakuambia kama reli moja iko juu, iko pembeni, au kuna pengo.

Ikiwa kidato ni cha juu na chini, tazama sakafu kabla ya kugusa reli. Sakafu za kumbi nyingi hazikunyooka, na miguu minne ya meza haiwezi kukubaliana nazo. Weka pimamaji juu ya kipande cha kwanza, kwa urefu kisha kwa upana, ukisawazishe, halafu ndipo ulete cha pili kifuate cha kwanza. Ukisawazisha kila kipande peke yake bila kujali jirani yake, hutamaliza. Dawa ya kudumu ni bolti kwenye ncha ya kila mguu, inayozungushwa kupandisha au kushusha. Karatasi ngumu iliyokunjwa nayo hufanya kazi hiyo, ila itapotea kabla ya onyesho lijalo.

Ikiwa kidato ni cha pembeni, tatizo ni kwamba bolti zinafanya kazi isiyo yao. Bolti hukaza tu. Tundu lake lazima liwe pana kidogo kuliko yenyewe, la sivyo haitaingia, na ule upana wa ziada unatosha kuhamisha reli nusu milimita. Kinachopaswa kupanga vipande mahali pake ni pini mbili za chuma zinazoingia kwenye matundu yenye pete za chuma bila kulegea. Fundi wa jua kali wa Kamukunji anaweza kukuchongea kutoka kwenye nondo nyembamba. Njia ya bei rahisi ni bawaba za mlango: funga bawaba moja kila upande wa ungio, nusu kwenye kipande hiki na nusu kwenye kile, toa pini yake ya asili, uweke msumari mnene unaochomoka kwa mkono. Bawaba iliyolegea usiinunue hata kwa bure, itikise dukani kwanza.

Ikiwa ni pengo, toa bolti uangalie kati ya nyuso mbili. Mara nyingi kuna waya uliobanwa, au kokoto mbili tatu zilizodondoka njiani.

Kuna hali ya nne, na ndiyo mbaya zaidi: ncha ya reli imeng'oka na kutazama juu kwa sababu iligongwa na mlango wa Probox. Kuibandika kwa gundi ni kujidanganya. Fanya hivi. Toa taruma mbili au tatu za plastiki, yaani vile vijiti vinavyolala chini ya reli, kwenye ukingo wa kila kipande. Pale zilipokuwa, zamisha skrubu za shaba ya manjano, mbili chini ya kila reli, mpaka vichwa viguse tako la reli bila kuisukuma juu. Skrubu za kawaida za chuma hazishiki risasi ya kulehemu vizuri, na zilizopakwa rangi hazishiki kabisa. Funga vipande viwili pamoja kwa pini na bolti, laza reli moja nzima ivuke ungio bila kukatwa, pima upana, kisha lehemu reli kwenye vichwa vya skrubu pande zote mbili. Baada ya risasi kupoa, kata reli kwa msumeno mwembamba ukiufuata mstari wa ungio. Kwa kuwa ilikuwa reli moja wakati wa kulehemu, ncha zake zitakutana kila mara pini zinapoingia. Mataruma uliyotoa unayarudisha yakiwa yamechongwa chini, kwa urembo tu.

Halafu tengeneza vifuniko. Ubao mwembamba wenye kimo cha kupita reli, unaofungwa kwenye ncha ya kipande kwa bolti zilezile, utazuia asilimia kubwa ya majeraha haya. Ninashangaa jinsi watu wanavyotumia miezi kutengeneza tangi la maji la stesheni halafu wanaacha ncha za reli wazi zikipita kwenye ngazi za ghorofa.

Inakimbia karibu na transfoma, inachoka ikienda mbali

Hii ni kazi ya mita ya umeme ya bei ndogo kutoka Luthuli Avenue. Weka injini kwenye kipande cha mbali, iwashe, iwe inavuta. Pima volti pale umeme unapotoka kwenye transfoma, kisha pima kwenye reli chini ya injini. Tofauti ikizidi volti moja, umeme unapotea njiani. Kupima bila injini kuvuta hakusaidii, kwa sababu ungio bovu huonyesha volti kamili mpaka siku linapoombwa kazi.

Sababu ya kwanza ni viungio vidogo vya chuma vinavyoshika reli na reli. Vimetengenezwa kunyoosha njia, na umeme hupita humo kwa bahati. Vikitikiswa barabarani vinalegea, vikipata unyevu vinaota kutu. Kila kipande cha reli kinahitaji waya wake mwenyewe unaoshuka chini ya meza hadi kwenye waya mkuu. Waya mkuu uwe ule wa milimita za mraba 1.5 unaotumika kwenye taa za nyumba, na vijiwaya vya kushuka viwe vyembamba na vifupi.

Sababu ya pili ni plagi za kuunganisha vipande. Ziwe za aina isiyoweza kuingia kinyume, kwa sababu plagi iliyogeuzwa inaleta shoti au inafanya treni irudi nyuma ikifika kipande cha pili. Na tafadhali, usitumie kamwe plagi ya miguu mitatu ya ukutani kwa waya za reli. Siku moja kijana mwenye nia njema atakusaidia kupanga, ataona plagi na soketi, atazikutanisha, na reli zako zote zitakuwa na volti 240.

Kama volti ziko sawa na treni bado inasinzia na kuamka kila mahali, ni uchafu. Vumbi la Nairobi wakati wa kiangazi halihitaji utangulizi. Futa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kwa isopropili, kisha futa magurudumu vilevile. Soma lebo kabla ya kununua spiriti dukani, kwani nyingine zina mafuta ndani na huacha utando. Msasa huacha mikwaruzo inayoshika uchafu zaidi. Pamba ya chuma ni mbaya kuliko msasa: nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota, na hutazitoa zote.

Kila kitu kinazima kwa pamoja

Shoti. Ondoa mabehewa na injini zote, washa tena. Ikibaki imezima, chomoa plagi za vipande moja moja kutoka mwisho wa mbali, na kile kipande ambacho umeme unarudi ukikichomoa ndicho chenye kosa. Ndani ya kipande hicho, mshukiwa mkuu ni pointi, pale reli moja inapogawanyika mbili. Voi itakuwa nayo, maana bila tawi la Taveta hiyo siyo Voi. Ile V ya chuma katikati ya pointi inapaswa kubadilisha umeme wake kulingana na upande treni inaoelekea. Swichi inayoibadilisha ikihama kidogo safarini, V inabaki na umeme wa upande mwingine, na gurudumu la kwanza kuigusa linazima mji mzima.

Ukiwa umeweka pembetatu ya kugeuzia injini, fahamu kwamba reli ya kushoto itakuja kukutana na ya kulia. Hapo lazima ukate reli zote mbili mwanzoni na mwishoni mwa sehemu moja, na uipe swichi yake. Hilo siyo kosa la safari, ni hesabu, na linaonekana siku ya kwanza.

Transfoma imetoa moshi

Imetoka Marekani, na kwao stima ni volti 120. Yetu ni 240. Usiilaumu soketi. Tafuta ile iliyoandikwa 100 hadi 240, au tumia betri ya volti 12 yenye kidhibiti mwendo, ambayo pia itakuokoa stima ikipotea katikati ya onyesho. Betri ya gari ikipata shoti inaweza kuchoma waya mpaka ziwake moto, hivyo weka fyuzi ya ampea mbili karibu kabisa na nguzo yake, kabla ya kitu kingine chochote.

Reli imevimba na kuinuka katikati ya kipande

Wengi husema ni joto limerefusha chuma. Joto lina sehemu yake, lakini ndogo: reli ya mita 1.2 ikipanda nyuzi 15 hurefuka kwa karibu theluthi moja ya milimita. Ubao una nguvu zaidi. Kipande kilichotengenezwa hewa ikiwa na unyevu, kwa mfano msimu wa masika, au kilichokaa wiki Mombasa, kikirudi kwenye hewa kavu ya Nairobi mwezi wa Februari hupoteza maji na kufupika. Kikifupika kwa elfu moja tu ya urefu wake, hiyo ni milimita 1.2, na reli isiyo na pa kwenda huenda juu.

Kata mapengo ya nusu milimita kwenye maungio mawili ya reli ndani ya kila kipande, pale penye waya pande zote mbili. Kisha paka vanishi ubao wote: juu, chini, kingo, na ndani ya matundu. Ukipaka juu peke yake, upande wa chini utaendelea kunywa na kutoa maji, na kipande kitajipinda kwa sababu pande mbili hazifanani. Muuza mbao wa Gikomba atakuapia kwamba mbao za fremu zimekauka. Zinunue, lakini zikae ndani ya nyumba yako majuma kadhaa kabla hujazikata. Afadhali zaidi, kata fremu kutoka plaiwudi ya milimita 12, ambayo haijipindi kirahisi na ni nyepesi kwa mtu wa kushuka ghorofa.

Magurudumu yanaruka reli

Andika ni behewa gani na ni mahali gani. Behewa moja likianguka kila mahali, kosa ni lake: pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu yake, inapaswa kuwa karibu milimita 14.4 kwa reli hii. Mabehewa yote yakianguka mahali pamoja, kosa ni la njia. Angalia kama reli moja imezama kuliko mwenzake, hasa mwanzo wa kona, na kama kokoto imeingia kwenye ulimi wa pointi, ile sehemu inayosogea. Kokoto moja iliyonasa hapo huzuia ulimi usifunge, na ukitazama kwa juu hutaiona. Inama hadi usawa wa reli ukiwa na tochi.

Rangi inakwaruzika bila treni kuanguka

Gari refu likiwa kwenye kona, tumbo lake huingia ndani ya kona na ncha zake hutoka nje. Injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zilizotoka kiwanda cha Beyer Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950, zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa skeli yetu hiyo ni karibu nusu mita. Zinapinda vizuri kwa kuwa zina sehemu mbili za magurudumu zinazozunguka kila moja peke yake, lakini bwela, lile tangi la kuchemshia maji, iliyoning'inia katikati hukata kona na kupiga ukingo wa jukwaa. Funga penseli ubavuni mwa gari lako refu kuliko yote, lisukume kwenye kona zote, na mstari litakaochora ndio mpaka wa jukwaa. Ukitaka kuona jambo lenyewe kwa ukubwa wake, nenda Makumbusho ya Reli karibu na stesheni kuu ya Nairobi, usimame kando ya namba 5918, Mount Gelai, utazame inavyoungana katikati.

Watu wanauliza, "Huu ni mji gani?"

Hii nayo ni hitilafu, na inakera kuliko shoti. Sababu yake mara nyingi ni kujaza. Mita 312 hazitoshi Voi yote, kwa hiyo mtu anapunguza kila kitu kidogo kidogo mpaka kinachobaki ni kituo chochote cha Afrika. Chagua vitu vichache uvipe nafasi yao kamili: jukwaa na jengo la stesheni, njia za kupangia mabehewa, pale tawi la Taveta linapoachana na reli kuu. Ukubali kutupa mengine yote. Mpangilio ni muhimu kuliko umbali. Aliyekulia Voi atasamehe duka lililosogezwa karibu, hatasamehe lililowekwa upande usio wake wa reli. Picha za setilaiti zitakupa mpangilio. Ramani za 1:50,000 zitakusaidia kwa vilima tu, kwani humo kilomita nzima ni sentimita mbili. Kwa picha za stesheni, mwone mkubwa wa kituo kwanza.

Udongo ndio unaoitambulisha Voi kabla ya jengo lolote, na rangi ya dukani haiupati. Beba mfuko mdogo wa udongo wenyewe. Uchekeche kwa soksi ndefu ya nailoni, uoke kwenye oveni wadudu wafe, kisha ueneze kwenye karatasi na upitishe sumaku iliyofungwa ndani ya plastiki. Sumaku itatoka na ndevu nyeusi: chembe za chuma ambazo zingeishia ndani ya mota. Rudia mpaka itoke safi. Jaribu gundi kwenye kibao kando kwanza, kwa maana udongo ukishanyonya gundi huwa mweusi zaidi na haurudi rangi yake yote. Changanya na unga kidogo wa chokaa ya rangi nyepesi kufidia. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Uji wa unga wa ngano ni chakula cha mende.

Kosa jingine ni kuchanganya enzi. Injini ya East African Railways yenye rangi ya damu ya mzee ni ya kati ya 1948 na 1977. Ukiweka nyuma yake nguzo za reli ya SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017, mtu anayejua atacheka kimyakimya. Na simba waache. Wale waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 walikuwa kwenye daraja la Tsavo, na Voi haikuwahi kuwaomba.

Kuhusu magari, vigari vya Hot Wheels na Matchbox viko karibu na 1:64 vikiwa vya saluni. Malori na mabasi hupunguzwa yaenee kwenye pakiti ileile, ndiyo maana lori lako linaonekana fupi kuliko teksi. Simamisha kando yake mtu wa milimita 27, ambaye ni mtu mzima wa kawaida kwa skeli hii. Akichungulia juu ya kichwa cha lori, lirudishe dukani.

Mimea na majengo yanafika yamevunjika

Yasibandikwe. Kila mbuyu uwe na msumari chini na tundu lake ubaoni, kila jengo likae kwenye kishimo chake, na yote yasafiri kwenye sanduku lake lenye sponji. Mkonge wa karatasi ndio pekee unaovumilia kubaki.

Na sasa, injini

Ikiwa imefaulu yote hapo juu na bado inasumbua, igeuze miguu juu kwenye sponji, iguse magurudumu kwa waya mbili kutoka kwenye transfoma, jozi moja baada ya nyingine. Jozi inayokataa kuendesha mota ina kijisahani cha kupokea umeme kilichopinda au chenye manyoya ya zulia. Mota ikizunguka lakini magurudumu yakasita, sikiliza: mlio wa "tk" mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu ni gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Ufa wake ni mwembamba, unaonekana ukiifinya kwa kucha chini ya mwanga mkali. Gundi haishiki plastiki hiyo. Agiza gia nyingine, na wakati unasubiri, iondoe kabisa injini hiyo kwenye ratiba.